Dakika Nne Ng'ambo ya Daraja

Shangazi yangu hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hunywa funda moja mezani, la pili dirishani, la tatu akiwa ananyanyua mfuniko wa sufuria jikoni, na kikombe chenyewe ukikitafuta baadaye utakikuta juu ya kabati la viatu kikiwa nusu. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja. Amestaafu miaka minane sasa, lakini mwili wake haujapewa habari.

Mjini wanamwita Saangapi. Jina halipendi, ila alijitafutia mwenyewe. Mtoto akishatoka tu, kabla hajalia, kabla mama hajauliza ni wa kike au wa kiume, shangazi alikuwa anapaza sauti wodi nzima: "Saa ngapi?" Halafu anajijibu mwenyewe, maana hakuamini saa ya mtu mwingine. Yake ilikuwa ile ndogo ya wauguzi, inayoning'inia kifuani kichwa chini, na kila siku saa moja asubuhi aliirekebisha kwa zile pipu sita za redio zinazotangaza saa kamili. Saa ya ukutani ya wodi aliidharau waziwazi. Hiyo waliiweka mbele dakika tano kwa makusudi ili wauguzi wa zamu wasichelewe, na shangazi alisema kitu kinachodanganya kwa makusudi hakistahili kukaa chumba kimoja na mtoto mchanga.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nafundisha udereva. Nina gari dogo jeupe lenye herufi L juu ya paa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kuniokoa mimi. Nayasema haya mapema kwa sababu gari hilo lina sehemu yake katika habari hii, na kwa sababu mtu anayeshinda kando ya wanafunzi wa udereva hana subira. Mkinisikia nafoka, mjue chanzo.

Sasa kuhusu nchi yetu. Sisi ni nchi kutegemea umemuuliza nani. Tuna bunge, tuna waziri wa elimu, tuna wimbo ambao watoto huuimba kila asubuhi shuleni. Pasipoti hatuna. Tunatumia ya ng'ambo, yaani ile nchi kubwa iliyo upande wa pili wa mto, ambayo kisheria tumo ndani yake na kimoyo hatujawahi kuwamo. Kwenye riadha sisi ni mkoa. Kwenye soka ni mwanachama mwalikwa, maana yake unapewa kiti mkutanoni lakini kura huna. Kwenye kuogelea hatumo kabisa, wala hawajui kama tuna maji. Lakini kwenye mpira wa wavu, kwa sababu ya mzee mmoja aliyewahi kujaza fomu kabla ng'ambo hawajashtuka, sisi ni nchi kamili. Jina letu linaandikwa kwenye ubao wa matokeo. Tukikutana na ng'ambo tunapeana mikono kama nchi na nchi. Ndiyo maana hapa kwetu hata bibi wa miaka themanini anajua ni mchezaji gani mwenye mkono mzito.

Mwaka huu tuliwafunga ng'ambo seti tatu kwa mbili, tukapata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya kanda. Haikuwahi kutokea. Watu wazima walikumbatiana barabarani na watu wasiowajua. Na aliyetufungia, pointi thelathini na moja peke yake, ni binti wa miaka kumi na tisa tunayemwita Mlingoti kwa urefu wake.

Wazazi wa Mlingoti si wa hapa wala wa ng'ambo. Walitoka mbali kuja kufanya kazi kiwanda cha matofali, mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Yeye hajui kwingine. Na kanuni ya mpira wa wavu kwa nchi ndogo kama yetu, isiyo na pasipoti yake, ni hii: utaichezea kama umezaliwa humo, au mzazi wako, au babu au bibi yako, au kama umeishi humo miaka mitano mfululizo tangu utimize kumi na minane. Mlingoti alikuwa anatuchezea kwa kuzaliwa. Hakuwa na mlango mwingine.

Mama yake, kwa furaha tu ya mzazi, akamwambia mwandishi wa gazeti kwamba mwanawe alianza vurugu mapema, kwani alizaliwa ndani ya ambulensi wakikimbizwa hospitali ya ng'ambo. Gazeti likaandika, ng'ambo wakasoma, na siku ya tatu malalamiko yakafika kwenye kamati ya rufaa: binti huyu alizaliwa kwetu, hakustahili kuwachezea wale, tunaomba ushindi wetu.

Hapo ndipo nilipotaka kutupa redio dirishani. Maisha yangu yote ng'ambo wametuambia hakuna mpaka. Ukitaja mpaka wanacheka, wanasema sisi ni kitu kimoja, kuna daraja tu. Leo, kwa ajili ya pointi za mpira wa wavu, mpaka umepatikana, una kipimo, na uko katikati ya daraja penye kibao cha "Karibuni".

Anayehusika na kuzaliwa kule ni shangazi. Mwaka ule chumba cha upasuaji cha hospitali yetu kilifungwa miezi kumi na minne kwa ukarabati, na mama aliyeshikwa na uchungu ukagoma alipelekwa ng'ambo kwa ambulensi. Shangazi ndiye aliyekuwa anawasindikiza. Alibeba mkoba wa vifaa, blanketi, na kitita cha fomu za uzazi kutoka wodini, endapo mtoto hatasubiri. Fomu zile zilikuwa na nafasi ya saa, nafasi ya uzito, nafasi ya jina la mama. Nafasi ya mahali haikuwepo, kwa sababu mahali palikuwa pameshachapishwa juu kwa herufi kubwa: jina la hospitali yetu, wodi ya wazazi. Mtoto azaliwe wodini, azaliwe garini, fomu ilisema wodini. Shangazi alijaza saa kwa mwandiko wake mzuri, akaweka sahihi, na hakuna mkunga hata mmoja, yeye akiwa wa kwanza, aliyewahi kutazama kile kichwa cha fomu akafikiri jambo.

Katibu wa chama cha mpira wa wavu alikuja nyumbani Jumatatu jioni. Kazi yake hasa ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye mkoba uliojaa karatasi. Mimi nilikuwepo, nimeleta sabuni.

"Mama, kamati imepata kitabu cha getini cha hospitali," alisema. "Ambulensi ilitoka saa kumi kamili alasiri. Kutoka getini hadi katikati ya daraja, kwa mwendo wa dharura, ni dakika kumi na tatu. Wamepima. Na wewe umeandika mtoto alizaliwa saa kumi na dakika kumi na saba."

Shangazi alikuwa amesimama akikunja shuka. "Kama nimeandika kumi na saba, ni kumi na saba."

"Kwa hiyo ni dakika nne ng'ambo ya daraja."

Shangazi alilikunja shuka mara moja zaidi ya inavyotakiwa.

"Kila kitu kinaning'inia kwenye saa yako, mama," katibu alisema, macho kwenye karatasi. "Kama ilikuwa mbele, tuseme dakika tano, binti ni wa hapa. Jumatano ya wiki ijayo watakuuliza. Sasa mimi nauliza tu, una uhakika na ile saa?"

Ningekuwa na njia ya kumwonya ningemwonya. Shangazi alimfuata na shuka mkononi mpaka kibarazani, akimwambia kwamba ameandika watoto elfu sita na zaidi, kwamba kuna watu mji huu wanaojua nyota zao kwa saa yake, na kwamba mwalimu wa hesabu anayekuja kumwomba mtu abadilishe namba arudi chuo akaanze upya. Katibu alivivalia viatu vyake barabarani.

"Hakukuomba ubadilishe," nilimwambia shangazi.

"Ameniuliza kama nina uhakika. Ni matusi yale yale."

Lakini hakulala. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu amevaa viatu vya kutembelea. Alitaka nimpeleke kwa Honi.

Honi ndiye aliyekuwa dereva wa ile ambulensi. King'ora chake kilikuwa kimekufa, kwa hiyo aliendesha mkono mmoja ukiwa juu ya honi kutoka getini hadi ng'ambo, na hadi leo akizungumza anapaza sauti kana kwamba honi bado inalia. Ana miaka sabini na minne. Tulimkuta anamwagilia maua.

"Twende tukaipite ile njia," shangazi alimwambia, hata salamu hajamaliza.

"Na gari gani?"

Wote wawili wakaligeukia gari langu.

Ndivyo tulivyokwenda kutafuta alikozaliwa mtu kwa gari la L. Honi alikaa mbele kando yangu, penye breki ya mwalimu, na kila nilipokaribia njia panda aliikanyaga kwa mazoea mpaka paji langu likagonga usukani. Shangazi alikaa nyuma, amegeuka kinyume, magoti kwenye kiti, kwa sababu alisema siku ile alikuwa amepiga magoti na hawezi kukumbuka akiwa ameketi kama abiria. Saa yake aliishika kiganjani. Watu kwenye kituo cha mafuta cha upande wetu walituangalia kama watu wanaotoroka mahali fulani.

"Kaza mwendo!" Honi alipiga kelele. "Hapa nilikuwa natembea themanini!"

"Hapa pana shule, mzee."

"Siku ile ilikuwa likizo!"

Tulifika kwenye kibao cha katikati ya daraja dakika ya kumi na tatu na kitu. Nilipunguza mwendo, nikitumaini, sifichi, nilikuwa natumaini kwa moyo wote kwamba Honi atasema hapa, au hata kabla ya hapa. Honi akapunga mkono mbele. Tukashuka daraja. Tukapita kituo cha mafuta cha ng'ambo. Tulipofika kwenye ukuta mrefu wa ghala akakanyaga breki yake.

"Hapa."

"Una hakika?" nilimuuliza.

"Shangazi yako huyu alipiga ukelele, 'Simama!' Nikasimama. Nikashuka nikawapa mgongo, mwanamume hana la kutazama pale. Nikaukodolea macho ukuta huu mpaka mtoto akalia. Ulikuwa na tangazo la rangi ya nyumba." Akaanza kulisoma hewani, ukuta wenyewe ukiwa mtupu: "Haipauki kwa jua, haibanduki kwa mvua, galoni moja chumba kizima."

Shangazi alikuwa bado amepiga magoti, anaangalia kioo cha nyuma ambako daraja lilionekana. Kisha akasema polepole, "Kichwa kilikuwa kimetoka, bega limekwama. Gari linarukaruka, siwezi kulishika. Ndiyo nikasema simama." Akatazama saa yake. "Kumi na saba. Haikosei, kumi na saba."

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyekanyaga breki ya mwalimu.

Siku zilizofuata zilikuwa za tabu nyumbani kwake. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alihamisha kitanda, akakirudisha. Kila alasiri alitembea kwa miguu mpaka darajani, akasimama kwenye kile kibao, akarudi, na ukimuuliza amekwenda kufanya nini anasema kunyoosha mgongo. Mimi nilimwambia asiende kwenye hiyo kamati, asingizie ugonjwa. Akaniambia hajawahi kusingizia ugonjwa hata siku ya mtihani wa biolojia. Nilimwambia basi aseme ukweli, yaishe, atulie. Akanijibu, "Ukweli ninao tangu zamani, mwanangu, na sijatulia." Nilikuwa na hasira naye, na hasira na ng'ambo, na hasira na yule mama aliyeshindwa kufunga mdomo mbele ya mwandishi wa habari. Wanafunzi wangu wawili walilia wiki hiyo.

Jumapili Mlingoti akaja mwenyewe. Shangazi alikuwa anapangua droo ya vijiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Inama, utagonga kichwa."

Aliinama, akaingia, akakaa kwenye stuli magoti yakifika karibu na kidevu. Alikuwa na mikono mirefu asiyojua pa kuiweka.

"Sikuja kukuomba kitu," alisema. "Jana kocha wa ng'ambo alinipigia. Anasema nisihuzunike. Kama nilizaliwa kwao basi mimi ni wao, nafasi yangu ipo, jezi ipo."

"Ukasemaje?"

"Nilikata simu. Bibi, mimi sijawahi hata kulala kule. Nimekwenda kule mara nne, zote kucheza. Shuleni waliniita mtoto wa kuja. Kila mwaka wakija watu wa wizara kuhesabu wenyeji na wageni, mwalimu alikuwa ananisimamisha upande wa wageni, mimi na mtoto wa daktari. Mtoto wa daktari akahama, nikabaki naenda kusimama peke yangu. Siku nilipovaa ile jezi hakuna aliyeniuliza tena. Hata mwenye duka la pembeni, aliyekuwa ananiita wewe mgeni, sasa ananiita binti yetu." Machozi yalikuwa yamemjaa lakini sauti aliishika. "Nataka kujua tu. Ni kweli nilizaliwa kule?"

Shangazi yangu, ambaye hajawahi kukwepa swali tangu nimfahamu, alimuuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

Akaenda akasimama nyuma yake, akaweka kidole gumba juu ya bega lake la kushoto, akabonyeza. "Hapa panakuuma?"

"Kukiwa na baridi tu. Umejuaje?"

"Ni mimi niliyelivuta," shangazi alisema. "Ulikuwa umekwama, unakuwa wa buluu, na mimi nimeshika bega hilo nasema moyoni, huyu nikimkosa, mama yake hana ndugu hata mmoja hapa wa kumlilia." Akamwachia. "Nenda mazoezini. Usikae na kinyongo na mama yako kwa ajili ya gazeti."

Jumatano tulikwenda ofisi ya chama, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Katibu aliweka kompyuta mezani juu ya vitabu vitatu ili kamera ituone sote. Mlingoti na mama yake walikaa ukutani. Honi alikuja na shati la mikono mirefu lililofungwa kifungo cha shingo. Kwenye kioo walikuwepo watu watatu wa kamati, mwenyekiti wao mwanamama wa makamo mwenye miwani, na pembeni wakili wa ng'ambo, kijana nadhifu. Shangazi aliambiwa aketi. Aliketi kwenye ncha ya kiti, mguu mmoja tayari kuondoka.

Mwenyekiti akamwonyesha fomu. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Na saa hii, kumi na dakika kumi na saba, uliiona kwenye saa yako mwenyewe?"

"Kwenye saa yangu."

"Saa hiyo ilikuwa sahihi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Katibu aliacha kuandika. Nilidhani najua atakachosema. Ningeweka gari langu rehani juu ya jambo hilo.

"Hapana," shangazi alisema. "Ilikuwa mbele dakika tano. Niliirekebisha kwa saa ya ukutani ya wodi, na ile ya ukutani tuliiweka mbele ili zamu isichelewe. Waulizeni wauguzi wa wakati ule, wote wanaijua."

Wakili wa ng'ambo alinyanyua mkono haraka. "Mheshimiwa mwenyekiti, shahidi huyu mji mzima unamwita kwa jina linalotokana na usahihi wa saa yake. Tumeambiwa aliirekebisha kwa redio kila asubuhi. Leo ndiyo tunasikia habari ya saa ya ukutani." Akamgeukia shangazi. "Mama, unataka kusema ilikuwa mbele siku hiyo tu?"

Mtego ulikuwa wazi. Saa inayokosea siku moja tu, tena siku inayofaa, nani ataamini? Shangazi aliuona kabla yangu. Akavuta pumzi.

"Siku zote," alisema. "Habari za redio ni sifa za mtaani, kijana, na mimi sikuzikataa kwa sababu sifa ni tamu. Miaka thelathini na mmoja nimeiweka kwa saa ya ukutani. Watoto wote nilioandika, nimewaandika dakika tano mbele."

Mama yake Mlingoti aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nilitazama chini. Sakafu ilikuwa ya saruji, imepasuka pembeni, na niliufuata ule ufa kwa macho mpaka ukutani kwa sababu sikuweza kumtazama mtu yeyote.

Mwenyekiti alimwita Honi. Ulisimamisha gari wapi? Honi alimtazama shangazi, akaitazama kompyuta, akapaza sauti kama kawaida yake. "Mimi nilikuwa namsikiliza mama huyu! Aliposema simama, nikasimama! Alama za barabarani sikuangalia, nilitazama pembeni kwa heshima!" Wakili alimuuliza tena kwa namna tatu. Honi alijibu hivyo hivyo mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mwenyekiti akasema inatosha.

Uamuzi ulikuja baada ya siku tisa. Ushahidi wa kuzaliwa ng'ambo haukuthibitika, mchezaji ni halali, matokeo yanabaki. Mji ulilipuka. Magari yalipiga honi mpaka usiku, na nasikia wa kwanza kubonyeza alikuwa Honi, kwenye gari la mtu. Mlingoti alikuja akamkumbatia shangazi akamnyanyua kutoka sakafuni, na shangazi akampiga kofi mkononi amshushe. Alicheka. Nilimwona akicheka kweli.

Halafu mambo ya saa yakaanza.

Kila aliyekutana naye sokoni alikuwa na lake. Kinyozi aliyezaliwa dakika mbili baada ya mwaka mpya kuingia alimfuata akilalama kwamba kumbe ni mzee kwa mwaka mzima, na mke wake hajui. Mapacha wenye duka la vifaa vya ujenzi walifufua ugomvi wao wa nani mkubwa, na ingawa dakika tano haziwezi kumtanguliza mdogo, mdogo alisema kama saa ilidanganya hapa, itakuwaje kule? Walikuwa wanatania, wengi wao. Lakini muuguzi mkuu wa wodi, ambaye shangazi ndiye aliyemfundisha, ambaye huwaambia wanafunzi wake kila mwaka habari za mkunga wa pipu sita, alipishana naye njiani, akasema "shikamoo" na asisimame. Huo haukuwa utani. Shangazi alifika nyumbani akasugua sufuria mpaka mkono ukachubuka. Mtu akimuuliza alizaliwa saa ngapi, shangazi sasa alikuwa anasema "labda". Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Mimi nilitaka kuwafokea wote. Alinikataza. "Ukisema kwa mmoja, umesema ng'ambo," aliniambia. "Msichana bado ana miaka minne mpaka apate haki kwa kuishi. Miaka minne funga mdomo."

Asubuhi moja, mwezi umeshapita, nilikuwa kwake nabadilisha balbu ya jikoni. Aliingia mwanamke anayeuza vifungo na nyuzi karibu na posta. Namjua kwa sura tu, mtu wa maneno machache. Alikataa chai. Alisimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama, samahani kukusumbua," alisema. "Mwanangu wa kwanza, sijui kama unamkumbuka. Wa kiume. Aliishi dakika arobaini."

"Namkumbuka," shangazi alisema.

"Uliniandikia saa tatu na dakika nane asubuhi. Sina picha yake, sina kitu, nina ile karatasi. Kila mwaka siku ile nafunga duka, nakaa peke yangu kuanzia saa tatu na dakika nane mpaka arobaini na nane. Nakaa naye tu. Miaka ishirini na miwili sasa. Kesho ndiyo siku yake. Na nimesikia saa ilikuwa mbele. Kama ilikuwa mbele, basi alifika saa tatu na dakika tatu, na mimi miaka yote nachelewa. Zile tano za mwanzo nimekuwa namwacha peke yake. Sikuja kulaumu. Niambie tu, kesho nianze mapema."

Mimi nilikuwa juu ya stuli na balbu mkononi. Sikuthubutu kushuka.

Shangazi alimsogelea akamshika mikono yote miwili, pamoja na mkoba. "Anza saa tatu na dakika nane," alisema.

"Lakini ulisema mbele ya kamati..."

"Najua nilichosema." Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Saa tatu na dakika nane. Hujawahi kuchelewa hata mara moja. Umenisikia? Hata mara moja."

Yule mwanamke alimtazama muda mrefu. Nikaona jambo linamwingia usoni, kidogo kidogo, mpaka akaelewa lote: saa, daraja, yule binti mrefu, kila kitu. Angeweza kutoka pale akaenda barabarani akalisema. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Asante, mama," akatoka, akafunga mlango taratibu. Hadi leo halijasikika kokote, na watu wa mji wetu nawajua, lingekuwa limenifikia.

Nikashuka kwenye stuli. Nilimwambia shangazi kwamba amejihatarisha, kwamba alikuwa na njia ya kusema labda kama anavyowaambia wengine.

Alikuwa analia waziwazi, hata hajifuti.

"Wengine wote wanicheke," alisema. "Yule siwezi."